Kisanduku Kilichosema "Nimeamka"

Mashine iliyolala haiongei.

Hilo nalijua vizuri kuliko watu wengi, kwa sababu kuzilaza mashine na kuziamsha ndiyo kazi inayonilisha. Sasa niambieni, jamani. Mtu mzima na akili zangu timamu, jua linawaka nje, nimekaa kwenye kiti changu kazini, mashine iliyolala ikafungua mdomo na kusema:

"Nimeamka."

Ilikuwa sauti ya mtu. Nzito, ya kuvutavuta, kama mtu anayeongea huku mdomo umejaa maji.

Nilimwaga chai yote mapajani, na ilikuwa ya moto.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Kama una mzazi asiyejiweza nyumbani, soma mpaka mwisho. Kama una moyo mwepesi, soma mtu akiwa karibu.

Kwanza nijitambulishe kidogo, msije mkapotea njiani.

Mimi naandika draiva. Siyo wa gari! Hapo ndipo mjomba wangu alipokwama mpaka leo. Kila kukiwa na safari ya ukoo anasema, "Ya nini kukodi gari na mtu wa kuliendesha, si tuna draiva nyumbani?" Hata leseni sina.

Draiva ninayoandika ni programu ndogo inayokaa katikati ya mfumo endeshi, ile programu kuu inayoongoza mashine, na kifaa kilichomo ndani yake. Mfumo unasema, "Toa sauti." Chipu ya sauti haielewi lugha hiyo. Draiva inakuwa mkalimani wao. Mkalimani akikosea, huku wanasema hivi na kule wanasikia vile.

Basi kazini wakaniita Draiva, jina likaganda.

Tulikuwa watu watatu kwenye karakana moja, chumba kirefu juu ya duka la rangi za nyumba. Harufu ya rangi ilipanda kutwa, ukifika nyumbani hata nguo zinanuka ukuta mpya.

Kulikuwa na Bosi, mwanamke mfupi, mwembamba, anayetembea kama anakimbizwa na mbwa. Kulikuwa na Lehemu, fundi wa kuunganisha saketi, jitu la miraba minne ambalo mikono yake ilishika waya mwembamba bila kutetemeka. Na mimi.

Tulitengeneza visanduku vya kuwekwa kando ya vitanda vya wagonjwa. Kisanduku kina kitufe, spika na kipaza sauti. Mgonjwa akibonyeza kitufe, kengele inalia kwenye kipokezi cha muuguzi. Akiongea, hata bila kubonyeza, sauti yake inafika, na muuguzi anaweza kumjibu palepale. Hospitali moja ilikubali kuvijaribu kwenye wodi nzima, na siku ya kuvipeleka ilikuwa imekaribia.

Kisanduku kimoja kilikuwa kwangu nyumbani, kando ya kitanda cha mama.

Mama alipigwa na kiharusi mwaka uliopita. Upande wa kulia ukalegea, na sauti ikaondoka. Mama yangu huyu aliyekuwa akiniita akiwa jikoni, mimi niko mtaa wa pili, nasikia na majirani wananisukuma niende! Daktari alisema sauti inaweza kurudi, inaweza isirudi, tusimlazimishe. Tangu hapo akawa anajibu kwa macho na kwa mkono wa kushoto.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyeshinda naye. Mimi kila asubuhi nilichungulia chumbani nikiwa nimeshavaa viatu.

"Mama, umeamkaje?"

Namshika mkono, naangalia feni kama inazunguka, natoka mbio. Ile feni ilikuwa kuukuu, niliifunga mguu kwa waya mwenyewe.

Nilimwonyesha kitufe. Nikamwambia, "Ukibonyeza hapa, kengele inalia mezani kwangu kazini. Hata nikiwa na nani, nitakuja." Hofu yangu ilikuwa hiyo moja tu tangu augue. Aniite, nisisikie.

Sasa turudi kwenye ile mashine.

Iliyoongea ni kipokezi, kile cha mezani kwangu, kinachopokea sauti kutoka visanduku vyote. Kikikaa muda bila kazi, chipu yake inalala ili isile umeme. Asubuhi ile Bosi alibonyeza kengele ya majaribio. Chipu ikaamka. Kabla kengele haijalia, ndiyo likaja lile neno.

"Lehemu, ni wewe?" niliuliza.

Nikageuka. Jitu zima liko chini ya meza, limeshika koleo kama panga.

"Mimi nimefunga mdomo wangu hapa," alisema. "Nimeushika kwa mkono kabisa."

Bosi alitutazama, akatazama kipokezi. "Nani ameamka?" aliuliza.

Lehemu alitoka chini ya meza taratibu, koleo bado mkononi.

Mimi na Lehemu tulicheka baadaye, kile kicheko cha watu wenye hofu. Lakini kesho yake asubuhi, kengele ya kwanza ya majaribio, ikaja tena.

"Nimea... mka."

Na kesho yake tena.

Mchana mzima hakisemi kitu. Asubuhi tu, chipu ikiamka kwa mara ya kwanza, neno lile lile, sauti ile ile ya kujikokota. Lehemu akakifunika kipokezi kwa taulo. Halafu akahamisha kiti chake, akakataa katakata kukaa amekipa mgongo.

"Kaka Draiva," aliniambia, "kitu kinachosema kimeamka, maana yake kilikuwa kimelala. Kilikuwa kimelala wapi?"

Nikamwambia aache mambo yake. Lakini kiukweli nilikuwa naogopa. Nilianza kuchelewa makusudi ili nisiwe wa kwanza kufungua mlango wa karakana. Ngazi zile nilizozoea kupanda mbili mbili, nikawa napanda huku natega sikio.

Bosi naye hofu yake ilikuwa nyingine. "Wauguzi wakisikia mashine inaongea kwa sauti ya maiti wodini, sisi ndio tutalazwa. Ondoa hicho kitu."

Nikaanza kuitafuta sababu.

Niwaeleze kwa lugha nyepesi. Sauti zinazoingia kwenye kipokezi hupanga foleni kwenye kumbukumbu, chipu inazitoa moja moja. Chipu ikilala, foleni inabaki vile vile. Ikiamka, inaanza na waliokuwa mbele ya foleni. Kwa hiyo nikasema moyoni, haya ni mabaki tu. Ni vipande vya majaribio yetu wenyewe, "moja, mbili, tatu" za Lehemu, vimekatikakatika na kuunganika vibaya mpaka vikafanana na neno.

"Zima visanduku vyote," nilimwambia Lehemu. Tukavizima vyote vilivyokuwa karakana, tukavichomoa na waya. Asubuhi iliyofuata neno likaja tena.

Lehemu akakuna kichwa. "Na kile cha kwa bi mkubwa nyumbani?"

"Mama hana sauti, kaka," nilimjibu. "Na angebonyeza kitufe, ingelia kengele. Umesikia kengele?"

"Sijasikia."

"Basi."

Yaani nilimjibu haraka, kwa uhakika, kama mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi. Jibu lile nalikumbuka hadi leo.

Ikafika siku ya mwisho kabla ya kuvipeleka hospitali.

Asubuhi hiyo sauti haikuja mara moja. Bosi alibonyeza kengele, chipu ikaamka, tukasikia pumzi. Mtu anahema. Halafu:

"Nimea... ka."

Kimya.

"Nimea... a... ka. Nimea..."

Siku zote lile neno lilikuwa limetulia, kama mtu anayejisemea. Siku hiyo lilikuwa linasukumwa. Lehemu alitoka nje moja kwa moja, nikamsikia akishuka ngazi kwa kishindo. Bosi alinishika bega, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Draiva. Leo hii. Sitaki kukisikia tena."

Nikajikaza kisabuni. Kwanza nikainua simu, nikairekodi ile sauti ilipojirudia, ili nije nilinganishe baada ya kurekebisha. Kisha nikakaa chini kuandika.

Ilikuwa mistari michache tu. Chipu ikiamka, futa wote waliokuwa kwenye foleni, jaza sifuri. Na ili nilale usingizi, nikaongeza na kizuizi. Sauti yoyote nyonge kuliko kiwango nilichoweka isipite kabisa, ihesabiwe ni uchafu.

Nikaipakia draiva mpya. Nikailaza chipu. Nikaiamsha.

Kimya.

Nikailaza tena, nikaiamsha tena. Kengele ililia safi, na haukutangulia hata mkwaruzo.

Lehemu alirudi taratibu, akachungulia mlangoni kwa jicho moja. "Ameondoka?"

"Nimemfuta," nilisema.

Alikuja akaninyanyua juu pamoja na kiti. Bosi akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile, akashuka kununua soda. Tulikunywa tukiwa tumekaa juu ya maboksi ya kupelekwa hospitali, tunataniana nani alikimbia zaidi. Nilijisikia fundi kwelikweli. Muda wote huo kipokezi kiko mezani, kimenyamaza.

Katika ule utani Lehemu akasema, "Hebu tumsikilize marehemu kwa mara ya mwisho."

Nikatoa simu. Nikaicheza ile rekodi kwa sauti ya juu, tena kwenye spika kubwa ya majaribio, mradi tucheke.

"Nimea... ka."

Lehemu akaiga, akatoa macho. Mimi nikacheka. Bosi hakucheka. Aliinamisha kichwa kidogo.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Mbona huyu mzimu wako ana feni?"

"Feni gani?"

"Sikiliza nyuma yake. Feni mbovu hiyo. Inakwaruza halafu inagonga."

Nikasikiliza.

Krrr-tak. Krrr-tak.

Jamani, ile feni ninaijua. Waya ule niliufunga mimi. Nikiwa usingizini chumba cha pili naisikia kupitia ukutani, krrr-tak, nimeizoea hivi kwamba ikizimika ndipo naamka.

Mabaki ya "moja, mbili, tatu" za Lehemu yangepata wapi feni ya chumbani kwa mama?

Nikaicheza tena. Nabonyeza nakosa, nabonyeza tena. Safari hii sikusikiliza neno tulilolizoea. Nilisikiliza mdomo. Mdomo uliolegea upande mmoja, ulimi mzito, unajaribu kuvuka sehemu ngumu ya neno na unashindwa, unaruka, unaenda kumalizia mwisho.

Nimea... ka.

Nime-a-NGU-ka.

Nimeanguka.

Soda ilinitoka mkononi. Mama yangu yuko chini tangu asubuhi, ananiita, na mimi nimekaa juu ya boksi nacheka. Siyo kucheka tu. Nimeandika kwa mikono yangu programu ya kumfuta.

Nikampigia dada. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena.

"Vipi, mbona unahema?"

"Dada uko wapi?"

"Niko duka la dawa, dawa za mama zimeisha. Foleni hapa haisogei tangu nimefika. Nimemwacha amelala."

"Mama ameanguka! Kimbia nyumbani!"

"Nani kakuambia?"

"Yeye mwenyewe!"

"Nani?"

"Mama! Mama kaniambia!"

Nadhani alifikiri nimechanganyikiwa. Halafu nikasikia anaanza kulia na kukimbia kwa pamoja, na simu ikakatika. Duka lile la dawa liko mbali na nyumbani kuliko karakana.

Nilisimama. Bosi alishakuwa na funguo za gari mkononi.

"Panda," alisema. "Leo draiva ni mimi."

Nikamgeukia Lehemu. "Rudisha ile ya zamani! Draiva ya zamani, iko kwenye folda ya jana! Irudishe, uiamshe chipu, tumsikie!"

"Ile yenye mzimu?"

"Hakuna mzimu, kaka! Ni mama yangu!"

Lile jitu lililokuwa halikai limekipa kipokezi mgongo, nililiacha limekaa mbele yake, limeondoa taulo, vidole vinakimbia.

Ndani ya gari nikampigia Lehemu, nikamwambia aiweke simu kwenye kipokezi. Bosi anapiga honi, anapita pembeni, mwenye toroli anaruka, mimi nimeibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Nimeirudisha," Lehemu alisema. "Nabonyeza kengele."

Kengele ikalia.

Halafu krrr-tak. Krrr-tak. Krrr-tak.

Feni peke yake.

"Mama!" nilipiga kelele. Bosi alishtuka, gari likayumba. "Mama, ni mimi!"

Krrr-tak.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, na woga nilioupata hapo sijawahi kuupata tena. Tangu nilipopakia ile draiva mpya, yote aliyoyasema yalikuwa yamejazwa sifuri. Kama alisema naumwa, kama alisema kwaheri, hakuna mashine duniani itakayoyarudisha. Na mama mwenyewe sasa hakuwa anasema kitu.

"Kaka," Lehemu alisema taratibu, "nadhani nasikia pumzi. Ngoja. Ngoja kwanza."

Halafu nikamsikia anaongea na kipokezi. Siyo na mimi. Na mama.

"Bi mkubwa, shikamoo. Hunijui, mimi nafanya kazi na kijana wako. Yuko njiani anakuja. Usiinuke. Tulia hapo hapo chini. Unajua kijana wako ni mwoga? Wiki nzima ametukimbiza hapa, anasema wewe mzimu."

Alikuwa anasema uongo, aliyekimbia ni yeye. Aliendelea hivyo hivyo njia nzima, anampa umbea wa karakana, sauti yake nene inatetemeka, hasimami hata kumeza mate. Na katikati ya maneno yake nikasikia, mbali kabisa, mtu anatoa pumzi kwa kukwama, kama anataka kucheka na hana nguvu.

Nililia ndani ya lile gari kama mtoto.

Tulifika. Mlango wa mbele niliufungua, wa chumbani ukagoma. Niliusukuma ukafunguka kiasi cha upana wa kiganja, ukagota kwenye kitu laini. Nikauachia haraka. Alikuwa ameangukia nyuma ya mlango.

"Usisukume!" Bosi alisema. "Nipishe."

Ule wembamba wake tuliokuwa tunautania kazini, siku ile niliuheshimu. Alivua viatu, akapenyeza bega, akapenyeza kichwa, akaingia. Sikuona chochote. Nilikuwa nimeegemeza paji la uso kwenye ubao wa mlango, nasubiri neno lake moja.

"Yu hai."

Nikakaa chini palepale ukumbini.

"Anapumua," Bosi aliendelea. "Ana baridi sana. Mguu umekaa vibaya, tusimgeuze. Ita gari la wagonjwa. Na leta shuka."

Kutoka kwenye kisanduku pale kando ya kitanda, kitufe kikiwa mbali, mkono wa mama usingekifikia, Lehemu alikuwa bado anasimulia.

Hospitali walisema mfupa wa nyonga umevunjika. Walimfanyia upasuaji, ukaenda salama. Bosi alipiga simu mwenyewe kule tulikotakiwa kupeleka visanduku, akawaambia, "Kesho hatuleti. Tumegundua vinaweza kumnyamazisha mgonjwa." Nilidhani wangetufukuza. Walisema wangeshangaa kama tungevileta tukijua hivyo.

Mngefikiri woga uliishia hapo. Wapi.

Kulikuwa na swali moja halikuniacha. Siku ile ya mwisho aliita "nimeanguka". Je, siku za nyuma? Ile sauti ilikuja wiki nzima! Ina maana mama yangu alikuwa anaanguka kila siku, anaita, hakuna anayekuja, anajikokota mwenyewe kurudi kitandani? Na jioni nikirudi ananitazama tu?

Nilimuuliza dada. Akaapa hajawahi kumkuta chini. Nilimuuliza daktari kama kuna majeraha ya zamani. Akasema hakuna, mwili ni safi. Sikuamini. Nilikuwa naangalia mikono ya mama akiwa amelala, natafuta michubuko. Usingizi ulinikataa.

Mpaka asubuhi moja wodini.

Nilifika kabla ya kazi, kama kawaida yangu, mwendo wa haraka, begi mgongoni. Dada yuko pembeni anakunja nguo.

"Mama, umeamkaje?"

Nikamshika mkono, nikageuka niondoke.

Hakuniachia. Mkono wake wa kushoto ulinibana vidole kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Mama, nachelewa..."

"Hebu subiri," dada alisema, na aliacha kukunja nguo. "Subiri wewe. Kila ukitoka huwa anafanya hivi. Anapambana na mdomo, mimi nilidhani analalamika tu umeondoka."

Nikasubiri.

Mdomo wa mama ulianza kutafuta. Ukafunguka, ukafunga. Jasho likamtoka juu ya nyusi. Muuguzi alipita na toroli la dawa, akaenda, akarudi. Mimi nimesimama na begi mgongoni, sithubutu hata kukohoa.

"Nime," mama alisema.

Tukangoja.

"Nime... a... mka."

Nimeamka.

Siku zile zote hakuwa ameanguka. Alikuwa ananijibu.

Kila asubuhi nilimuuliza umeamkaje, nikaondoka kabla jibu halijatoka. Yeye akabaki analitafuta. Mimi naenda stendi, yeye analitafuta. Napanda ngazi za karakana, yeye analitafuta. Lilipotoka, chumbani hamkuwa na mtu, dada yuko jikoni. Kulikuwa na kisanduku tu. Kisanduku kikalipokea, kikalituma mezani kwangu. Lakini lilikuwa jibu nyonge, halikuweza kuiamsha chipu, likakaa kwenye foleni likisubiri mtu abonyeze kengele.

Nami nikaliita mzimu. Nikaliita uchafu.

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Nilimwomba msamaha mbele ya wodi nzima na sikuona aibu. Dada alisema kwa sauti ya chini, "Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, sisi tukadhani wanawasema watu wa kununa."

Draiva niliiandika upya. Kile kizuizi nilikitoa. Sasa hata sauti nyonge kiasi gani inaiamsha chipu, na hakuna kinachofutwa kwenye foleni mpaka kimesikika na mtu. Visanduku viko wodini tangu mwezi uliopita, na mama amesharudi nyumbani. Lehemu ana kipokezi chake mwenyewe mezani, na kila asubuhi anampigia mama shikamoo kabla hajawasha hata taa.

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kutoa mawaidha. Ila kama kwako kuna mzee, mgonjwa, au mtoto mwenye kigugumizi, na wewe kila siku unamuuliza hali yake huku umeshika kitasa, huyo hujamuuliza. Muulize, halafu kaa. Anayechelewa kujibu usimhesabu kwamba hana jibu.

Leo nimechelewa kazini. Bosi kaniuliza sababu, nikamwambia nilikuwa naongea na mama.

Nilimuuliza umeamkaje, nikavuta kiti. Chai yangu ikapoa. Feni ikazunguka, krrr-tak, maana alikataa niibadilishe. Likaja "nimeamka", tena jepesi kuliko la jana. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kuinuka.

Akanishika mkono.

Nikakaa tena. Mdomo ukatafuta, ukatafuta, mpaka nikaona jua limehama kwenye shuka.

"Na we... we?"

Nilikuwa sijaulizwa siku nyingi. Nilichukua muda mrefu kumjibu, na mama alinisubiri.